Sisi ya Wanachuo: Kumbukumbu za Vita kutoka Kiungani hadi Msimbu

Fasihi ya Kiswahili haina uhaba wa vita. Tangu Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mnamo 1728, washairi wa mwambao wamekuwa wakivipokea vita na kuvirudisha kwa wasikilizaji wao katika bahari ya utenzi, ubeti baada ya ubeti. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, juu ya yale yaliyoipata pwani yetu katika miaka ya 1888 na 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga juu ya Maji Maji. Shaaban Robert aliviimba Vita vya Pili vya Dunia katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapwa 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Henry Muhanika akafuata 1981 na Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Mwenye kuzipanga tenzi hizi katika rafu moja ana karne nzima ya vita mbele yake, na hana haja ya kumwomba mgeni amsimulie.

Hata hivyo, tenzi hizi zina sifa moja ambayo ni nguvu yake na papo hapo ni upungufu wake: zinaujua mwisho. Tazama majina yake tu. Neno kutamalaki limekwisha kutwambia nani atashinda hata kabla ya ubeti wa kwanza. Neno anguko limekwisha kumwangusha Amin kabla askari wake hawajaingia Kagera. Mtunzi husimama ng'ambo ya pili ya vita akatazama alikotoka, na kiambishi -ka- ndicho farasi wake: wakaja, wakapiga, wakashindwa, wakarudi. Kila tendo huzaa tendo jingine. Katika mbio hizo hapana nafasi ya mtu aliyekuwa ameketi dawatini, mbali kabisa na uwanja wa mapambano, asiyejua kesho kutatokea nini. Mtu huyo hakupiga wala hakupigwa. Alikuwa akisoma.

Makala haya yanamhusu mtu huyo, hasa anapokuwa mzee na kuanza kukumbuka pamoja na wenzake. Nakusudia kuonyesha kwamba kumbukumbu za wanachuo waliosoma wakati wa vita ni utanzu wa fasihi wenye kanuni zake, si malighafi ya mwanahistoria wala si porojo za wazee, na kwamba kanuni yake kuu ni wingi wa sauti. Mhariri anayezinyoosha zikawa sauti moja huwa amezifuta. Hoja hii si ya nadharia tupu kwangu, kwani liko daftari moja Msimbu linalosubiri uamuzi wa jambo hilihili, nami nimeombwa niwe mnyooshaji.

Tuanze na neno lenyewe. Wasomaji wa visiwani wanajua kwamba chuo, kabla ya kuwa jumba la kufundishia walimu au waganga, kilikuwa madrasa. Na kabla ya hapo, katika Kiswahili cha kale, chuo kilikuwa kitabu. Ndiyo maana mjuzi wa dini tunamwita mwanachuoni. Kwa hiyo, tukifuata mizizi ya lugha, wanachuo ni watu wa kitabu kimoja. Wamesoma kurasa zilezile, wakachapwa kwa makosa yaleyale, na kila mmoja ameondoka na tafsiri yake. Sina ufafanuzi bora zaidi wa jambo ninalotaka kulizungumza. Nami nalizungumza nikiwa nje ya mlango, kwa maana sikupata kukaa chuo chochote. Nilijisomea kwa vitabu vya kuazima, na sina mtu duniani wa kumwita mwanachuo mwenzangu.

Msimbu ni kata ya wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, nchi ya mikorosho, miembe na mihogo. Mgeni kutoka Unguja anaweza kudhani kwamba kuna masafa makubwa kati ya kwao na kwetu. Masafa yapo, lakini yamewahi kuvukwa na chuo kizima. Mwaka 1925 Chuo cha Mtakatifu Andrea, kilichokuwa Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, kilihamishwa na wamisheni wa UMCA kikaletwa Minaki, hapa Kisarawe. Majirani zake wakaja baadaye: Pugu, ambako Julius Nyerere alifundisha hadi alipoacha ualimu mwaka 1955, na Kibaha, iliyoanzishwa kwa msaada wa nchi za Nordiki katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Kwa hiyo vilima hivi vimelea vizazi vingi vya watoto wa bweni, na mzizi mmoja wa bweni hizo umetoka kisiwani.

Mzizi huo ulianza na vita. Mwaka 1887 A. C. Madan, ambaye wengi tunamjua kwa kamusi zake, alitoa kitabu kilichoitwa kwa jina la Kiungani. Ndani yake mna masimulizi ya wavulana wa skuli za misheni, yaliyoandikwa na wavulana wenyewe na kutafsiriwa na Madan kwa Kiingereza. Wanasimulia walivyotekwa, walivyouzwa, walivyoshushwa pwani na walivyookolewa baharini na manowari za Waingereza. Wengi wao walikuwa watoto bado. Hawakuwa wazee wanaokumbuka ujana. Walikuwa vijana wanaokumbuka utoto ulioporwa, wakiwa wameketi dawa kwa dawati na wenzao walioporwa vilevile.

Mfasiri akikisoma kitabu hicho hawezi kutulia. Kila sentensi ya Kiingereza ina kivuli cha sentensi iliyokuwapo kabla yake. Anaposoma mahali ambapo mvulana anasema kwamba walichukuliwa usiku, hujiuliza: aliandika tulichukuliwa, au walituchukua? Kiingereza hakioni tafauti kubwa baina ya hizo mbili. Kiswahili kinaiona. Tulichukuliwa humficha mtekaji na kuwaacha watekwa peke yao katika sentensi; walituchukua huwaweka wote wawili uso kwa uso. Hicho ndicho kitabu cha kwanza cha kumbukumbu za vita kutoka katika chuo chetu, na kimetufikia bila ya viambishi vyake. Tena kimetufikia kimepangwa na mtu ambaye hakutekwa. Simulizi zimewekwa kando kwa kando, kila moja peke yake, na hapana mahali ambapo mvulana mmoja anamwambia mwenziwe: sivyo, haikuwa hivyo.

Kizazi cha pili kilikutana na Vita vya Kwanza vya Dunia. Martin Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani, na vita vya 1914 vikamkuta katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Walimu wa Kiafrika wa misheni ya Waingereza, wengi wao wakiwa wamepitia Kiungani, walishukiwa kuwa wapelelezi. Wakakamatwa na kufungwa. Kayamba naye alifungwa, hadi Wabelgiji walipoingia Tabora mnamo Septemba 1916. Baada ya vita alipanda katika ukarani wa serikali hadi akawa miongoni mwa Waafrika wenye vyeo vya juu kabisa katika utumishi wa Tanganyika.

Habari za maisha yake, kifungo kikiwamo, alizieleza kwa Kiingereza katika kitabu Ten Africans kilichohaririwa na Margery Perham na kutolewa London mwaka 1936. Lakini miaka minne kabla ya hapo, 1932, alikuwa ametoa kwa Kiswahili kitabu cha safari ya ujumbe wa watu watatu kutoka Tanganyika uliokwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1931. Kitabu hicho alikiita Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Msomaji alipime jambo hili. Alipoandika kwa Kiingereza, kwa ombi la mhariri mgeni, Kayamba aliandika mimi: maisha ya mtu mmoja, kuzaliwa kwake, shida zake, kupanda kwake. Alipoandika kwa Kiswahili, kwa watu wake, jina la kitabu lilianza kwa tu-. Yule mtu ni mmoja. Lugha ndiyo iliyomgeuza. Na kumbukumbu ya vita, ambayo kwa haki ilikuwa mali ya wafungwa wengi waliosoma pamoja, iliangukia upande wa mimi.

Simlaumu Kayamba. Kila mwandishi huandika katika mlango uliofunguliwa mbele yake. Nasema tu kwamba kutoka Kiungani tumerithi namna mbili za kuiandika kumbukumbu ya vita, na zote mbili zina kasoro moja: ama sauti nyingi zisizosikilizana, kama kwa Madan, ama sauti moja inayosema kwa niaba ya wote.

Iko namna ya tatu, nayo ni barua. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapa Barua za Shaaban Robert 1931-1958, alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge. Miaka hiyo ndani yake mna vita vizima vya 1939 hadi 1945. Kwa hiyo tuna bahati adimu ya kumwona mshairi mmoja akipita katika vita vilevile kwa vyombo viwili. Katika utenzi yeye ni msemaji wa ulimwengu, mwenye kuwahesabu wafalme na majeshi. Katika barua ni karani na kaka, mwenye kuulizia hali, kazi, jamaa na maandishi yake. Utenzi ulikamilika, barua haikamiliki kamwe, kwa kuwa inangoja jibu. Na kila barua imebaki na tarehe yake, yaani imebaki na ujinga wake wa kesho. Hiyo ndiyo hali ya aliyekuwa dawatini. Kama ningetakiwa kuchagua babu wa utanzu ninaouzungumzia, ningezichagua barua, si utenzi.

Sasa nije Msimbu, na vita vilivyo karibu zaidi nasi. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa waliongezwa katika jeshi. Malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kwa kazi ya vita. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979, na mwezi Juni vita vikaisha. Kisha ikaja miezi kumi na minane ya kufunga mikanda, ambayo kila aliyeiishi anajua kwamba haikuisha kwa miezi kumi na minane.

Wazee wanne ninaowazungumzia walikuwa kidato cha tano mwaka huo, katika mojawapo ya shule za bweni za ukanda wetu. Wao huiita chuo chetu, nami sitaitaja jina kwa kuwa hawakuniruhusu. Walikuwa sita waliokuwa wakilala chumba kimoja. Mmoja hakurudi kutoka vitani, mmoja alifariki kwa maradhi miaka kadhaa iliyopita, na waliobaki wamekaribia au kuvuka miaka sitini na sita. Mmoja wao ana shamba la mikorosho Msimbu, na hapo ndipo wanapokutana mara mbili kwa mwaka. Wengine hupanda daladala hadi Gongo la Mboto, wakafika Kisarawe, wakamalizia kwa bodaboda huku wakilalamikia viuno. Baina ya mikutano hupigiana simu. Na kwa muda wa miaka tisa wamekuwa na kaunta buku moja, lenye jalada gumu, linalosafiri kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Kanuni ya daftari hilo waliiweka wenyewe, bila ya kuambiwa na mtaalamu yeyote. Kila mmoja huandika ukurasa wa kulia. Ukurasa wa kushoto huachwa mtupu, na ni haki ya wenzake kuandika hapo watakalo.

Nimelisoma mara tatu. Kama mhakiki lazima niseme kwanza kwamba kurasa zake nyingi ni dhaifu. Ziko kurasa za kuwasuta vijana wa leo ambazo zingeweza kuandikwa na mzee yeyote wa zama zozote. Ziko sentensi zilizochukuliwa nzima nzima kutoka katika hotuba za redio za wakati ule, na mwandishi hajui kwamba ameazima. Ziko orodha za majina ya walimu zisizo na hata tendo moja la mwalimu. Penye hotuba, kalamu ya mzee hukimbia. Penye jambo lililompata yeye, hujikwaa. Na msomaji mwepesi atadhani kwamba kurasa zinazokimbia ndizo bora.

Thamani ya daftari iko kwenye kujikwaa, na iko zaidi upande wa kushoto. Mmoja ameandika kulia: "Taa zilizimwa saa mbili kwa amri, ndege za Amin zisituone." Kushoto, kwa mwandiko mwingine: "Mafuta ya jenereta yalikwisha. Amri ilikuja baadaye." Mistari miwili tu, na ndani yake mna namna nzima ambayo vita huingia katika maisha ya walio mbali: uhaba hutangulia, maelezo hufuata, na mwisho uhaba wenyewe hukumbukwa kama ushujaa. Hapana ubeti wa utenzi unaoweza kulisema hilo, kwa sababu utenzi hauna ukurasa wa kushoto.

Au tazama habari ya redio. Wote wanne wanasema kwamba waliisikia hotuba ya 2 Novemba kwa masikio yao. Mmoja anaiweka redio dirishani kwa mwalimu wa zamu, wa pili bwaloni, wa tatu dukani nje ya shule, wa nne anasema aliisikia likizoni. Mwanahistoria angelitupa daftari hapo. Mimi naona hapo ndipo linapoaminika. Hotuba ile ilirudiwa mara nyingi kiasi kwamba kila mmoja alikuwa na ya kwake, na kila mmoja ameihifadhi mahali ambapo alikuwa na hofu zaidi.

Kuna ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano, unaotajwa kwa chuki na mapenzi kwa pamoja. Kuna mche wa sabuni unaokatwa kwa uzi, vipande sita sawasawa, na ugomvi juu ya nani alikuwa akikata. Chini ya ukurasa huo mke wa mwenye shamba, ambaye hakusoma nao, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Ninyi mlikatiwa sabuni. Sisi tulifulia majani ya mpapai." Ndiyo sentensi pekee ya mwanamke katika daftari lote, na inatosha kuonyesha ukuta wa ile sisi ya wanachuo ulipo. Wazee hawakuifuta. Hata hivyo hakuna aliyemjibu.

Nimefika kwenye ukurasa wenye mgogoro. Unamhusu mwenzao aliyekufa vitani, ambaye katika daftari lote wanamwita Mwenzetu tu. Kulia imeandikwa: "Mwenzetu aliacha masomo akajitolea kuitetea nchi." Kushoto, mwandiko wa pili: "Hakujitolea. Alikuwa na kigugumizi. Tulimcheka siku ya mdahalo akaondoka usiku. Mgambo walimkuta kwao." Chini yake, mwandiko wa tatu: "Mimi sikucheka." Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, mwandiko wa nne: "Sote tulicheka."

Wazee sasa wanataka kitabu kidogo kichapwe kwa ajili ya wajukuu wao na jamaa wa Mwenzetu. Mkubwa wao alinikabidhi daftari akaniambia, "Mdogo wetu, wewe ndiye mwenye lugha. Tunyooshee. Na pale pa Mwenzetu, acha ule mstari wa kwanza, mingine iondoe." Nikamwuliza, "Mzee wangu, na wenzako wamekubali?" Akasema watakubali.

Hoja yake si nyepesi, na si haki kuipita haraka. Jamaa wa marehemu wameishi karibu miaka hamsini na picha ya shujaa. Adabu yetu haimruhusu mtu kumvua marehemu nguo. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, maana yake mwosha anyamaze. Lakini tukiusoma ukurasa ule kwa makini tutaona kwamba methali haituhusu. Hapa maiti hana aibu. Kigugumizi si aibu, wala kuondoka penye kicheko si aibu. Wenye aibu ni waoshaji, na wanachotaka kukifunika kwa sanda ni nyuso zao.

Tena tazama sarufi ya ukurasa. Mstari wa kwanza unamtaja yeye: aliacha, akajitolea. Ni -ka- ya utenzi, inayomkimbiza kijana kutoka dawatini hadi kaburini bila ya kituo. Mstari wa pili unaleta tu-, na kwa mara ya kwanza waandishi wenyewe wamo ndani ya sentensi. Wa tatu unajaribu kutoroka kwa mimi. Wa nne unamrudisha kwa sote. Mimi hiyo ya mstari wa tatu ndiyo njia aliyolazimika kuipita kila aliyeandika kumbukumbu zake peke yake. Katika kitabu cha mtu mmoja, "mimi sikucheka" ndilo lingekuwa neno la mwisho, nasi tungeamini. Ni daftari la wanachuo tu linaloweza kumjibu.

Wala mistari hiyo haibatilishani kama anavyohofia mkubwa wao. Kijana anaweza kufukuzwa na kicheko, akafika kwao, na mgambo walipomkuta akakubali kwa moyo wake kwenda. Yumkini alikwenda ili awe mahali ambapo hapana mdahalo. Kumwachia mstari wa kwanza peke yake ni kumpa cheo na kumnyang'anya sauti, yaani kumfanyia tena lile walilomfanyia ukumbini: kutomngoja amalize neno lake.

Nimewapa wazee pendekezo, na naliandika hapa kwa kuwa linawahusu wahariri wote wa kumbukumbu za namna hii. Daftari lichapwe kama lilivyo, kulia na kushoto. Sisi wafasiri tumelizoea umbo hilo, kwani vitabu vya lugha mbili huchapwa hivyo, kurasa mbili zikitazamana, na hakuna anayedai kwamba moja lazima iishinde nyingine. Miandiko minne ipewe alama nne ili msomaji amtambue msemaji bila ya kulijua jina lake. Hotuba na orodha za majina zipunguzwe bila huruma. Na kabla ya kuchapa, wazee wote wanne waende kwa jamaa wa Mwenzetu, wakawasomee ukurasa ule kwa vinywa vyao. Wale wakikataa, usichapwe. Haki ya kukataa ni yao, si ya waliocheka.

Wasomaji wa visiwani hawana budi kuona kwamba habari hii ni yao pia, wala si kwa sababu ya Kiungani tu. Wako wanaume na wanawake waliokuwa darasa moja Unguja mwaka 1963, na baada ya Januari 1964 wakatawanyika: wengine wakabaki, wengine wakaishia Muscat, Dubai au London. Nao leo ni wazee wanaotafutana kwa simu, wakiulizana habari za magonjwa na za mwalimu fulani wa hesabu. Darasa lilikuwa moja, na miisho ni mingi. Tumesoma kumbukumbu za mmoja mmoja, na nyingine ni nzuri. Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi, iliyotoka 2013, ni kielelezo cha jinsi mimi inavyoweza kuandikwa kwa ustadi juu ya ujana wa zama zile. Ninachokisubiri ni kitabu ambamo aliyebaki ameandika kulia, na aliyeondoka amejibu kushoto, na mhariri amejizuia.

Utanzu huu hauna muda mrefu wa kutungwa. Tenzi zinaweza kungoja, kwa maana mtunzi wa vita vya jana anaweza kuzaliwa kesho. Daftari la wanachuo haliwezi, kwa sababu wa kuandika ukurasa wa kushoto ni walewale waliokuwapo, na hupungua. Bwana aliyeandika "Sote tulicheka" amepatwa na kiharusi mwaka jana, na mkono wake hauandiki tena. Wenzake wawili wameafiki pendekezo langu, yeye ameafiki kwa kutikisa kichwa, na mkubwa wao bado analishikilia daftari.